Rili ya bei ya kati ya kuvulia besi: anza na breki, mengine baadaye

Kila ikifika mwezi wa pili huku Dallas, maji yakianza kupata uvuguvugu, wabongo na Wakenya wenzangu wananitumia picha za rili, kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia samaki, wakiwa wamesimama dukani, kaka hii vipi, imeandikwa beringi 13, kaka hii je, ina rangi ya dhahabu. Juzi dada mmoja kanitumia picha nne mfululizo. Na mie swali ninalowarudishia ni moja tu: umeshaizungusha spuli, ile sehemu inayobeba uzi, kwa kidole ukasikia breki yake? Wengi hawajaizungusha. Ndo maana leo nimekaa niandike yote kwa pamoja, manake hili jambo nalipenda na roho inaniuma nikiona mtu ametoa hela yake ya jasho kwa kitu kitakachomkatia uzi siku samaki wa maana akija.

Naongelea rili ya spiningi, ile inayoning'inia chini ya fimbo, spuli yake imetulia tuli unaporusha na uzi unachomoka wenyewe kwa mbele. Siongelei betikasta inayokaa juu ya fimbo. Besi mdomo mkubwa (largemouth bass, samaki wa maji baridi) wanavuliwa kwa zote mbili, ila betikasta ni ya uzi mnene na chambo kizito, unawatoa kwenye majani na magogo kwa nguvu, na spiningi ndo ya uzi mwembamba na vitu vyepesi, mnyoo wa plastiki kama Senko uliotobolewa ndoano katikati, dropshoti, yaani ndoano iliyofungwa juu kidogo ya risasi, na vile vichwa vidogo vya risasi. Kwa mtu anayevua akiwa amesimama ukingoni mwa bwawa la mtaani au kwenye gati, spiningi inamtosha mwaka mzima. Na bei ya kati ninayosema ni kama dola 80 mpaka 150. Chini ya 50 unapata rili ya kujifunzia, ukivuka 200 unaanza kulipia wepesi na ulaini ambao mtu wa wikiendi atauhisi kidogo sana.

Mie nimekulia Tanga, na kuvua nimejifunzia mshipi wa mkono juu ya ngalawa ya mjomba. Hakuna fimbo wala rili, nailoni imeviringishwa kwenye kibao na inapita juu ya kidole cha shahada. Samaki akivuta mjomba anasema mpe, mpe, mpe, akitulia anasema haya mchukue. Kumpa maana yake unaacha uzi upite juu ya kidole huku unabana kidogo, ukikaza kwa ubishi uzi unakatika au ndoano inamchana mdomo anaondoka zake. Sasa rili yote hii na gia zake na rangi zake, kazi yake kubwa samaki akishika ni ileile ya kidole. Na kinachofanya hiyo kazi ni breki, kwenye boksi wanaandika dragi, ni visahani vidogo vimepangwa ndani ya spuli vinabanwa na kile kifuniko cha juu unachozungusha. Breki ikiwa mbovu hakuna gia ya kukuokoa.

Hili nililijua vizuri mwaka wangu wa pili huku. Nlikuwa na rili ya dola 35, inazunguka laini kabisa dukani, nikaenda nayo gatini Lake Ray Hubbard na uzi wa paundi 8, yaani unaohimili kuvutwa kwa uzito huo. Nikapata besi ambaye mpaka leo namkumbuka, aliruka mara moja nikamwona mgongo, halafu akageuka kurudi chini ya gati. Spuli ikagoma, fimbo ikajikunja mpaka kwenye maji, halafu spuli ikaachia kwa mshtuko, ikakamata tena, uzi ukasema pa. Nilivyofika nyumbani nikavuta uzi kwa mkono polepole kuangalia shida nini, nikaona wazi: inakataa, inakataa, inaachia ghafla, inakamata. Yaani nguvu inayotakiwa kuianzisha spuli ilikuwa kubwa mno kuliko nguvu ya kuiendeleza ikishaanza, na uzi mwembamba unakatikia hapohapo kwenye kuanza. Samaki hakunishinda, ni vile visahani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Breki unaiweka kwenye robo ya nguvu ya uzi wako, ukizidisha sana theluthi. Uzi wa paundi 8 basi breki yako ni paundi 2 na kitu, kama kilo 1 hivi. Kwa hiyo boksi likikwambia breki inafika paundi 20 usishangilie, hutafika huko maisha yako yote kwa uzi huo, utakuwa umeshakatika zamani. Hata yule besi wa rekodi ya Texas, mwenye uzito wa paundi 18.18, alitoka Lake Fork mwaka 1992, angekuja kwako leo na uzi wa 8 bado breki yako ingekuwa hapohapo kwenye paundi 2. Unachotaka ni breki inayoachia taratibu kama siagi ikiwa imelegezwa, siyo inayong'ang'ania ikiwa imekazwa.

Ukiwa dukani fanya hivi, na usione aibu, wauzaji wameshazoea. Omba rili itolewe kwenye kabati. Legeza breki mpaka mwisho halafu ikaze kidogokidogo mpaka uhisi spuli inaanza kukataa. Shika rili kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono mwingine weka kwenye ukingo wa spuli uisukume taratibu kabisa, taratibu kama unafungua mfuniko wa chupa ya dawa ya mtoto. Angalia ule mwanzo. Nzuri itaanza kutembea bila kujua imeanza lini, mlio unakuja tiktiktik kwa mpangilio mmoja. Mbaya utahisi inashikilia halafu inaruka. Rudia mara tano sita katika pointi tofauti za mzunguko, manake kuna zingine zinabana upande mmoja tu. Halafu kaza robo mzunguko, sukuma tena. Ikitoka legelege ikaenda ngumu kabisa kwa robo mzunguko tu, iache, ukiwa na samaki ukataka kuongeza kidogo utaongeza sana. Unataka kifuniko chenye nafasi pana ya kurekebisha kati ya legelege na kaza.

Watu wanabishana sana kuhusu visahani vya kaboni na vya felti. Kaboni inahimili joto, samaki akikimbia mbali kwa muda mrefu haichoki, ndo maana rili za baharini zinaipenda. Felti iliyopakwa grisi vizuri ni laini sana kwenye mkazo mdogo, na mkazo mdogo ndo maisha ya besi. Besi hakimbii mita mia kama kolekole, anakupa vishindo vitatu vinne vifupi na kuruka. Kwa hiyo usiiache rili nzuri kwa sababu ina felti, na usinunue mbovu kwa sababu imeandikwa kaboni. Kidole chako kitakwambia.

Ukimaliza breki angalia kile kirola kidogo pale uzi unapokunjikia kuingia kwenye spuli, kwenye mkono wa ule waya wa kufungua na kufunga. Hiki watu hawakiangalii kabisa na ndo kinapitisha kila mita ya uzi wako. Kiguse kwa ncha ya ukucha kisha kiburuze, kinatakiwa kizunguke. Kikiwa kimeganda uzi unasuguana badala ya kuviringika, unapata joto, unajisokota, na baada ya wiki chache una mafundo kila ukirusha halafu unalaumu uzi. Mie nikiona kirola hakizunguki rili ikiwa mpya, hata iwe na punguzo la nusu bei naiacha.

Kisha zungusha mkono wa rili polepole, polepole kweli, siyo kuuachia uzunguke kama feni vile kila mtu anavyofanya pale dukani. Kuuachia uzunguke kunakwambia tu kwamba grisi ni kidogo. Ukizungusha polepole utahisi gia zikikutana, kama kuna mchangamchanga unausikia kwenye vidole. Rudisha mkono nyuma kidogo, usicheze, unatakiwa usimame hapohapo, manake huo mchezo ndo utakaokukosesha samaki ukipiga fimbo kumchoma ndoano. Angalia pia mkono umefungwaje: ule unaojiskrubu moja kwa moja ndani ya rili ni imara zaidi kuliko ule unaopitishiwa skrubu ndefu kutoka upande wa pili, wa skrubu ndefu unalegea baada ya muda na kuanza kucheza. Na mikono hii inahamishika kushoto au kulia, kwa hiyo usije ukaacha rili kwa sababu iliyopo kabatini mkono uko upande usioutaka.

Beringi sasa. Hapa ndo hela za watu zinaliwa. Shimano Nasci, ambayo mara nyingi inazunguka dola mia na kidogo, ina beringi 4 na ile moja ya kuzuia mkono usirudi nyuma. Stradic ya kampuni hiyohiyo bei yake ni kama mara mbili, ina 6 na 1. Halafu ukiingia mtandaoni unakuta rili ya dola 30 imeandikwa 12 na 1. Fikiria mwenyewe hizo 12 ni za ubora gani ukigawanya dola 30 kwa kila kitu kilichomo. Beringi 5 nzuri zilizowekwa mahali pake, kwenye gia kubwa, gia ndogo na kwenye kirola, zinakaa miaka, na 12 za hovyo zinaingia kutu msimu wa kwanza. Sitaki kusema idadi haina maana kabisa, ila iwe kitu cha mwisho kusoma kwenye boksi.

Ukubwa usikusumbue, kwa besi chukua 2500, au kwa kampuni zinazotumia namba ndogo kama Pflueger tafuta 30. Herufi ndo zinachanganya. Kwa Shimano ukiona C3000 ujue mwili ni wa 2500 ila spuli ni ya 3000, inabeba uzi zaidi bila kuongeza uzito sana, na hiyo kwa besi ni saizi tamu mno. Kwa Daiwa zile zenye LT saizi zake zilisogea, 3000 yao mpya iko karibu na 2500 ya zamani, na herufi C kwao pia ni mwili mdogo. HG au H ni gia ya kasi, XG au XH ni kasi zaidi. S ni spuli ya kina kifupi kwa uzi mwembamba, D kwa Daiwa ni ya kina kirefu. Mtu akijua hizo herufi hadanganyiki na mtu yeyote dukani.

Kwa kasi ya gia mie nashauri 6 kwa 1 au karibu na hapo, yaani ukizungusha mkono mara moja rota, kile kichwa kinachouviringisha uzi kwenye spuli, inazunguka mara sita, na kwa saizi ya 2500 inavuta kama inchi 35 za uzi kila mzunguko, sentimita 89 hivi. Kwenye minyoo ya plastiki fimbo ndo inachezesha chambo, rili kazi yake ni kukusanya uzi uliolegea, na kuna tabia moja ya besi, akishameza anaogelea kuja kwako. Hapo rili ya polepole inakuacha na uzi umelegea kama kamba ya kuanikia nguo na ndoano haijazama. Ile ya 5 kwa 1 ni nzuri kwa chambo cha mbao au plastiki ngumu chenye mdomo wa kuzamia, kile kinavuta maji na gia ya polepole inapumzisha mkono. Ila ukiwa na hela ya rili moja tu chukua ya kasi, polepole utajizuia mwenyewe.

Uzito pia, ila usiabudu gramu. Kati ya gramu 200 na 260 uko sawa. Cha muhimu ni rili ikae sawa na fimbo yako, kwa hiyo kama unaweza nenda na fimbo dukani, ifunge, weka kidole kimoja chini pale mbele kidogo ya mguu wa rili uone kama fimbo inalala sawa. Ikizama ncha kifundo cha mkono kitakuuma saa tatu mbele, na kuvua besi ni kurusha mara mia kadhaa kwa siku. Kwa fimbo ya futi 7 ya uzito wa kati au kati-nyepesi, rili ya gramu 220 hivi mara nyingi inakaa vizuri.

Majina basi, manake najua mnayasubiri. Ukiwa na dola 70 hivi Pflueger President imewahudumia watu miaka mingi na breki yake kwa bei ile ni ya kuheshimika. Ukifika mia, mie nawapeleka kwenye mbili, Shimano Nasci na Daiwa Fuego LT, na hapo chagua kwa kidole na siyo kwa jina. Fuego ni nyepesi mkononi, Nasci inazungusha kwa ulaini unaotulia, mie binafsi natumia Nasci ya C3000 na nimeridhika nayo. Kama una tabia ya kushuka Galveston kuvua baharini na unataka rili moja kwa kote kuwili, angalia Penn Battle, mwili wake ni wa chuma na visahani vya kaboni, ila ujue utabeba uzito zaidi kwenye besi. Ukiongeza mpaka 130 au 150 kuna nyinginezo, nzuri, ila kama hiyo dola 40 ya ziada ndo hela ya uzi na ndoano na leseni basi baki kwenye mia. (Wageni wa Texas, ndani ya mbuga za jimbo unavua ukiwa ukingoni bila leseni, mahali pazuri pa kuanzia na watoto.) Na subirini matoleo mapya yakitoka, toleo la nyuma linashuka bei na hubadilishiwi kitu kikubwa. Nunueni kwa muuzaji anayetambulika, feki za majina makubwa zipo nyingi mtandaoni na ukifungua ndani unakuta plastiki.

Rili ukishaileta nyumbani bado unaweza kuiharibu kwa kuijaza vibaya. Wengi tunatumia uzi wa kusuka wa paundi 10 au 15 na mbele tunaunga flurokaboni ya paundi 8 yenye urefu wa fimbo hivi. Uzi wa kusuka unateleza kwenye spuli tupu, unaweza kufunga fundo lako vizuri kabisa na uzi wote ukawa unazunguka juu ya chuma, ukadhani breki imeharibika. Anza na mita chache za nailoni chini yake, au kipande cha utepe wa umeme, ndo ufuate uzi wa kusuka. Jaza huku unaubana kwa kitambaa kibichi ukae kwa kukaza, acha milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Ukijaza mpaka juu unamwagika kama tambi ukirusha mara ya kwanza, ukijaza nusu hautafika mbali.

Halafu ukirusha funga ule waya kwa mkono, usizungushe rili ijifunge yenyewe, kisha vuta uzi kidogo kabla ya kuanza kukusanya. Ni sekunde moja na inaondoa mafundo karibu yote. Na samaki akiwa anachukua uzi, breki inalia, usizungushe mkono! Nawaona watu gatini wanazungusha kwa hofu wakati spuli inaachia, kila mzunguko hapo unausokota uzi tu, samaki hasogei hata inchi. Mpe. Akisimama, inua fimbo, shusha huku unakusanya, inua tena.

Kwa ndugu zetu wa Kenya wanaovua Naivasha, kule besi mdomo mkubwa ni yuleyule wa huku, waliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na bado wanavuliwa. Mengi ya hapa juu yanawafaa, ila ziwani kuna na samaki wengine wa kukushtua, hasa kapu (common carp), wale samaki wazito walioingia ziwani miaka ya 2000, akikubeba huyo anakwenda moja kwa moja na hageuki. Kwa hiyo kule nenda na C3000 au 3000 yenye uzi wa kutosha, siyo 2500 ya spuli fupi, na ukimwagiza mtu akuletee rili kutoka huku muombe na spuli ya akiba kama inapatikana, vipuri huko ni shida.

Matunzo hayachukui muda. Ukitoka ziwani ifute kwa kitambaa kibichi, kama ilianguka kwenye matope imwagie maji taratibu breki ikiwa imekazwa, usiipige na mpira wa presha manake unasukuma mchanga ndani. Tone moja la oili kwenye kirola kila baada ya safari tatu nne, tone moja kwenye kishikio. Ndani kwenye gia ni grisi na siyo oili, na kama hujawahi kuifungua, mpe fundi mara moja kwa mwaka. Kabla ya kuiweka kabatini legeza breki mpaka mwisho, visahani vikikaa vimebanwa miezi yote ya baridi vinashikana, na hiyo breki uliyoichagua kwa kidole chako inageuka ile ya dola 35. Asubuhi ya safari funga uzi kwenye mizani ndogo ya samaki, mwenzio ashike mizani, wewe inua fimbo kama una samaki, kaza taratibu mpaka spuli iachie kwenye paundi 2. Fanya mara tatu. Zote zikisoma karibu sawa, twende ziwani.